Mgeni na Risiti Yake

Katika safu hii tumezoea kuandika habari za karafuu, za bandari, za skuli na za vikao. Leo tunaomba ruhusa ya wasomaji wetu tuandike habari za vitanda, ndoo za maji na karatasi za risiti, kwa sababu yaliyotupata Shinyanga hivi karibuni yamekataa kututoka moyoni, na kwa sababu sehemu ya lawama tutakayoitoa hapa inatuangukia sisi wenyewe.

Ujumbe wetu ulikuwa wa watu sita, wanne wa Unguja na wawili wa Pemba. Tulikwenda kujifunza kazi za matawi ya Chama katika vijiji vya Bara. Tulivuka bahari kwa boti mpaka Dar es Salaam, tukapanda treni ya umeme mpaka Dodoma, ile iliyoanza kufika huko Julai 2024, kisha tukapanda basi kupita Singida, Nzega na Tinde. Huko vijijini tulipokewa majumbani mwa watu, tukalala juu ya vitanda vya wenyeji wetu ilhali wao wamelala chini, na hatuna neno juu yao ila shukrani. Kazi ikesha siku ya Ijumaa. Basi la kurudi lilikuwa la Jumapili alfajiri. Zikabaki siku mbili za usiku mjini, na Jumamosi nzima ya kutembea na kuona.

Hoteli tuliyoelekezwa hatutaitaja jina. Ina ghorofa mbili, vioo vya buluu, na ubao mkubwa unaoahidi kila kitu. Fedha tulizitoa kabla ya kupewa funguo, kama ilivyo desturi ya sasa, shilingi 35,000 kwa kila chumba kwa usiku mmoja. Risiti tukaambiwa tutaipata kesho, kwa sababu mashine ni mbovu.

Likaja daftari la wageni. Mtu huandika jina, atokako, aendako, kazi yake, na kabila lake. Hapo kwenye kabila ujumbe mzima ulisita. Mzee wetu mmoja wa Pemba aliandika "Mtanzania", nasi sote tukamfuata. Binti wa mapokezi akatutazama kama tuliofanya kosa la hesabu. Zaidi alisumbuliwa na vitambulisho vyetu vya Mzanzibari Mkaazi. Alivigeuza mbele na nyuma, akauliza kwa nini si vile alivyovizoea yeye, akampigia simu mkubwa wake. Hatukukasirika. Binti yule ni mdogo, na pengine sisi ndio Wazanzibari wa kwanza kumfikia. Lakini Muungano ni wa tangu 1964, na tulidhani habari za vitambulisho vyetu zingekuwa zimekwisha kufika Shinyanga kabla yetu.

Chumbani mlikuwa na televisheni, mlikuwa na kiyoyozi ambacho rimoti yake huwekwa mapokezi na kutolewa kwa kuombwa mara tatu, na mlikuwa na bomba la mvua zuri linalong'aa. Maji hayakuwamo. Tulipouliza tukaambiwa tangi la juu limetoboka. Tulipouliza tangu lini, hatukujibiwa. Ikaletwa ndoo moja na kopo kwa vyumba viwili.

Ndugu msomaji anaweza kusema kwamba Shinyanga ni nchi ya ukame, na mgeni hana budi kuvumilia. Hiyo ilikuwa hoja ya zamani. Tangu 2009 mji ule hunywa maji ya Ziwa Victoria, yanayovutwa kutoka Ihelele katika Wilaya ya Misungwi na kusukumwa mpaka Kahama na Shinyanga kwa mradi mkubwa wa Serikali. Maji yamesafiri njia yote ile, yakapanda vilima, yakateremka mabondeni, yakafika mlangoni mwa hoteli. Safari iliyobaki ni ya ghorofa mbili, na hiyo ndiyo iliyowashinda.

Usiku muziki wa baa ya chini ulilia mpaka saa nane. Alfajiri tulimwuliza binti wa mapokezi kibla kiko wapi, akatuonyesha lango. Mlinzi wa usiku, mtu wa Tabora, ndiye aliyekuja taratibu na rungu lake akatuelekeza kaskazini, kuelemea kidogo mashariki, na akatuletea ndoo ya pili aliyoichota mwenyewe nje. Asubuhi, tulipokwenda kunywa chai, tuliuliza kwa adabu kama nyama ya nguruwe na nyama nyingine hupikwa mahali mbalimbali. Mpishi, Mwenyezi Mungu amlipe kwa ukweli wake, alijibu: "Jiko ni moja, wazee." Tukanywa chai kavu na mkate.

Tukatoka kwenda kutembea. Hapa tunapenda kukiri kwamba sisi watu wa Visiwani tuna kiburi kidogo katika mambo ya matembezi. Tumezaliwa mahali ambapo watu huvuka dunia nzima kuja kupaona, na tunadhani Bara ya ndani ni vumbi tu. Nchi ile ilitufundisha adabu.

Njia iendayo Mwanza inapita katika mbuga za udongo mweusi, mashamba ya pamba na mtama, mawe makubwa yaliyobebana, na mibuyu. Lakini kilichotushangaza ni miti midogo midogo, migunga na mingineyo, iliyojaa katika viwanja vilivyoachwa makusudi. Hiyo ndiyo ngitili, malisho ya akiba ya Wasukuma, ambayo hufungwa wakati wa mvua ili ng'ombe wapate majani wakati wa kiangazi. Zamani za ukoloni misitu ya nchi ile ilifyekwa kwa ajili ya kuwafukuza mbung'o, kisha pamba ikaongeza ufyekaji, hata mkoa ukapata jina baya la jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI kwa kifupi. Wataalamu wa mpango ule walikuwa na busara moja iliyo adimu: waliwauliza wazee wafugaji walikuwa wakifanyaje zamani. Miti ikarudi katika hekta zaidi ya laki tatu, na mwaka 2002 kazi hiyo ikapewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Dereva wetu, kijana wa huko, alitueleza kwamba anayeingiza ng'ombe katika ngitili isiyo yake hutozwa faini na wazee katika baraza la jadi liitwalo dagashida, awe tajiri awe maskini. Tulimwuliza kama faini hiyo hulipwa kweli. Alicheka, akasema mtu asiyelipa hatapata wa kumzikia.

Tulipita Kolandoto bila kusimama, tukasonga mbele mpaka Maganzo, mji mdogo wa wanunuzi wa almasi ulio karibu na Mwadui. Hatukuwa na kibali cha kuingia mgodini, wala hatukumlaumu mtu kwa hilo, maana hatukukiomba. Tulisimama nje tukatazama vilima vya udongo uliokwisha kuchekechwa. Hapo ndipo Mkanada John Williamson alipoligundua shimo lile la almasi mwaka 1940. Hapo ndipo mwaka 1947 lilipookotwa jiwe la rangi ya waridi la karati 54 na nusu, akapewa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kuwa zawadi ya harusi yake. Lilipokatwa na kusuguliwa lilibaki karati 23 na kitu, likatiwa katika pambo la kifuani mfano wa ua. Mmoja wetu aliuliza kama kuna mahali popote pale Maganzo mtoto wa skuli anapoweza kuona japo picha ya jiwe hilo. Tulizunguka, hatukupaona. Tukanunua michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, tukarudi tukitafuna.

Adhuhuri ilitukuta Kolandoto.

Kolandoto ni kata ya Manispaa ya Shinyanga, lakini ukiwa pale huoni mji. Unaona hospitali, na kila kitu kingine kimekuja kwa sababu ya hospitali. Wamisionari wa Africa Inland Mission walianza kutibu watu pale mwaka 1913, na leo hospitali iko chini ya Kanisa la AICT, na kando yake kuna chuo cha sayansi za afya. Vijana wa chuo wanapita na makoti meupe mikononi. Chini ya miti wamekaa jamaa za wagonjwa, wengine na sufuria, wengine na vitenge vilivyotandikwa, wametoka mbali, maana hapo Kolandoto ndipo njia ya Lalago na Meatu inapokutana na barabara kuu. Njia hiyo yafaa wakubwa waikumbuke. Katika mipango ya Serikali ndiyo barabara itokayo Oldeani, upande wa Karatu na Ngorongoro, ikizunguka kusini mwa Serengeti, ikapita Matala, Mwanhuzi na Lalago, ikaishia hapo hapo Kolandoto. Siku lami itakapokamilika, watalii wanaotoka Ngorongoro kwenda ziwani watatokea mbele ya hospitali ile, wamechoka, wanauliza pa kulala.

Sisi tulikuwa tunauliza maji ya udhu. Mwanafunzi mmoja alituonyesha nyumba ya bati nyuma ya maduka. Ilikuwa gesti ya vyumba sita, ya mama mmoja mtu mzima. Tulipiga hodi, tukamwamkia kwa Kisukuma tulichojifunza vijijini, "Mwadila, mama," akafurahi akatuitikia, akatuita baba zake. Hakuuliza kama tunapanga chumba. Alitoa madumu mawili ya maji, akatuonyesha choo, nacho kilikuwa kikavu na kimefagiliwa, akatandika mkeka ukumbini. Tuliposwali alitukaribisha ugali na maharage na mlenda. Chumba kwake ni shilingi 10,000. Tulivitazama kwa idhini yake: kitanda, chandarua kizima kisicho na tundu, ndoo yenye mfuniko iliyojaa, kipande cha sabuni. Hakuna televisheni.

Tulimwuliza anawezaje kutunza nyumba vile kwa bei ile. Alijibu maneno ambayo kwa wakati ule hatukuyatia maanani sana. Alisema wageni wake wote ni watu wanaouguza. Mtu anayeuguza hulipa kwa fedha aliyouza mbuzi, kwa hiyo kabla ya kuuliza bei huingia kwanza kutazama ndoo. Asipoiridhia, hutoka akaenda kwa jirani. Kisha akaongeza, kama mtu anayeomba radhi, kwamba watu wa semina hawalali kwake. "Walikuja mara moja. Wakaona sina risiti wanazozitaka, wakaenda zao mjini."

Tulidhani anasema habari za mashine. Mashine za risiti za kielektroniki zilianza kutumika Bara mwaka 2010, na tukamshauri, kwa ile sauti yetu ya vikao, aende ofisi ya kodi akaulize taratibu. Alitusikiliza kwa heshima. Sasa tunaona haya tukikumbuka.

Tulirudi mjini magharibi. Ndoo ilikuwa ile ile. Baada ya isha tulikwenda mapokezi kudai risiti yetu, kwa kuwa tulisafiri kwa masurufu ya ofisi na kila shilingi sharti irejeshwe kwa ushahidi. Binti alitoa kitabu cha risiti za mkono, akaweka karatasi ya kaboni, akashika kalamu, akauliza:

"Niandike ngapi, wazee?"

Tulisema: ulichopokea. Vyumba sita, siku mbili, 35,000.

Akatutazama kwa huruma. "Wageni wa ofisi huwa tunawaandikia sitini."

Tuliandika hapo juu kwamba sehemu ya lawama ni yetu, na ahadi hiyo tunaitimiza. Mmoja wetu, mtu mwema, mchapakazi, akavuta mkono wa kiongozi wa msafara akanong'ona kwamba kila mtu hufanya hivyo, kwamba posho haitoshi, kwamba tuna watoto. Na kiongozi wa msafara hakuweza kumkemea kwa uso mkavu, kwa sababu mwaka 2011, katika mji mmoja wa mkoa mwingine, naye aliandikiwa zaidi ya alicholipa, akakunja karatasi akaitia mfukoni. Tunasema "sisi" katika safu hii kwa desturi ya magazeti. Katika jambo hili "sisi" ina maana yake kamili.

Tulikaa ngazini tukabishana mpaka karibu saa sita, muziki ukilia chini yetu. Katika ubishi ule ndipo maneno ya mama wa Kolandoto yalipotufungukia. Hoteli ile haina maji kwa sababu haiuzi maji. Haiuzi usingizi wala chai. Inauza tofauti iliyopo baina ya 35,000 na 60,000, na mnunuzi wake ni mtumishi wa umma, na wa mashirika, na wa Chama, anayeishi kwa semina na ziara. Mgeni wa namna hiyo hawezi kupiga kelele juu ya ndoo, kwa sababu amekwisha kupokea fidia yake kwenye karatasi. Hawezi kumshitaki mwenye hoteli kwa mkubwa yeyote, maana mwenye hoteli anajua alichomwandikia. Wamefungana mikono, na tangi limetoboka juu yao wote wawili. Mwenye hoteli akiwa na akili ya biashara, kwa nini azibe tangi? Wageni wanarudi vile vile.

Bei nayo haishuki, kwa kuwa anayelipa si anayelala. Tulisikia malalamiko hayo hayo kwa watu wa Kahama na Geita, ambako fedha za dhahabu zimepandisha vyumba hata mwalimu aliyehamishwa hapati pa kuanzia. Lakini mchimbaji wa dhahabu angalau hulipa jasho lake. Sisi tunalipa la mwananchi.

Mzee wetu wa Pemba alikuwa kimya muda wote. Mwishowe aliuliza kama tunaikumbuka ile sura ya wapunjao vipimo, Surat al-Mutaffifin, tuliyochapwa bakora chuoni mpaka tukaihifadhi. Tulipokuwa wadogo tulidhani inamhusu muuza mchele wa Darajani. Azimio la Arusha la 1967, tulilolisoma skuli baadaye, lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, na tulidhani linamhusu mwenye mabasi na majumba ya kupangisha. Shilingi 25,000 za usiku mmoja ni ndogo mno kutajwa katika Kitabu au katika Azimio. Hivyo ndivyo kila mmoja wetu alivyojidanganya kwa miaka mingi.

Tuliandikiwa 35,000. Binti aliandika polepole, kama anayeogopa kukosea neno la lugha asiyoijua.

Sasa tuna maneno machache kwa wakubwa wa pande zote mbili za Muungano. Posho za safari za watumishi zilipandishwa Julai 2022, na ilikuwa haki. Mashine zimefungwa, sheria ya utalii ya 2008 imeweka utaratibu wa kukagua hoteli na kuzipanga daraja. Haya yote ni mema. Lakini mkaguzi anayekwenda kukagua hoteli naye hulala hotelini, na risiti anaichukua. Tunapendekeza jambo moja jepesi: ofisi inayosafirisha ujumbe ilipe hoteli moja kwa moja, kwa namba ya malipo, kabla ya safari, na msafiri apewe mkononi fedha za chakula tu. Mtu asiyegusa fedha za chumba atakuwa na sauti ya kudai maji. Na ofisi ikilipa yenyewe itaanza kuuliza kwa nini ilipe 60,000 mahali ambapo mwananchi hulipa 35,000. Huenda hata gesti ya vyumba sita ya Kolandoto ikapata mgeni wa semina.

Kwa ndugu zetu wa Visiwani tunauliza hivi: Msukuma wa Kolandoto, aliyeuza pamba yake na akatamani kuiona bahari mara moja katika maisha yake, akishuka Malindi na begi lake, atalala wapi? Pwani za mashariki zimejaa hoteli ambazo bei zake huandikwa kwa dola. Mjini ziko nyumba za bei ya kati, na baadhi yake, tunasema tukijua, zimejifunza kuuliza swali lile lile la kalamu na kaboni kila kikao kinapokuwa Unguja. Tukimcheka wa Bara kwa ndoo yake, tutazame kwanza vitabu vyetu vya risiti.

Tulifika nyumbani salama, alhamdulillahi. Siku ya pili tulikwenda ofisini kurejesha masurufu. Makadirio yalikuwa 60,000 kwa kila chumba, jumla 720,000 kwa vyumba sita na siku mbili. Risiti ilikuwa ya 420,000. Tuliweka mezani shilingi 300,000 zilizobaki, zimefungwa kwa mpira.

Mtunza fedha aliisoma risiti mara mbili. Aliuliza kama kuna karatasi iliyopotea njiani. Tukasema hapana, hiyo ndiyo yote. Akafungua kabati, akatoa fomu moja, akairudisha, akatoa nyingine, akaitazama juu mpaka chini. Kisha akamwita msaidizi wake kutoka chumba cha pili, wakainama wote wawili juu ya fomu ile, wakitafuta mstari wa kuandika fedha zilizorudishwa.